Fahamu: Usawa wa kambi katika World of Warcraft ni nini?

Ni hali ya kambi hasimu kuwa na nafasi sawa ya kushinda, kwa uwezo na kwa vifaa. Katika mchezo huu wa kompyuta wa kampuni ya Blizzard, uliotoka 2004, kambi ni mbili: Alliance na Horde.

Mzozo ulianzia wapi?

Awali wahusika wa aina ya paladini walikuwa wa Alliance pekee, wa aina ya shamani wa Horde pekee. Kila kambi ililia kuwa mwenzake kapendelewa. Mwaka 2007, nyongeza ya The Burning Crusade ilizipa kambi zote aina hizo mbili.

Kwa nini kifaa kimoja kizue kelele?

Mhusika ana nafasi mbili tu za hirizi. Wachezaji wanapopigana wenyewe kwa wenyewe, moja huliwa na hirizi ya kujinasua mhusika anapozuiwa na adui. Mwaka 2008 wahusika wa jamii ya binadamu, walio wa Alliance, walipewa uwezo wa kujinasua bila hirizi, wakabaki na nafasi ya kuvaa nyingine ya kuongeza nguvu. Si faida ndogo hiyo.

Na idadi ya watu?

Hapo ndipo pagumu zaidi. Vifaa hurekebishwa, lakini watu hukimbilia kambi yenye marafiki, na seva nyingi zilielemea upande mmoja. Mwaka 2022 Blizzard ililegeza mpaka huo, ikiruhusu wachezaji wa kambi zote mbili kuunda kikosi kimoja dhidi ya mazimwi ya mapangoni.