Chunjua na Dawa Zake

Chunjua ni kijinyama kigumu kiotacho juu ya ngozi, hasa vidoleni, kandokando ya kucha, magotini na nyayoni. Hapo kwanza huwa ndogo kama kichwa cha pini, na rangi yake si mbali na rangi ya ngozi yenyewe. Kisha hukua ikawa kama punje ya mtama, au kubwa zaidi, na uso wake hukwaruza kama ulimi wa paka. Pengine huota moja tu. Pengine huzaa nyingine kando yake, mpaka mkono mzima ukajaa. Nyingi haziumi, isipokuwa zile za nyayo. Hizo hukandamizwa na uzito wa mwili zikaingia ndani, hata mtu akitembea huona kana kwamba amekanyaga changarawe.

Ugonjwa huu si wa kuua. Hata hivyo huwatesa watoto kwa njia nyingine. Mtoto mwenye chunjua nyingi hutengwa michezoni. Hapana apendaye kumshika mkono, naye huificha mikono yake mifukoni au chini ya dawati. Aibu hiyo ndiyo imsukumayo kutafuta dawa kwa siri, na katika dawa za siri ndimo ilimo hatari. Wako watoto walioungua, wako waliobaki na makovu makubwa, na wako walioumia macho, kwa ajili ya kitu ambacho pengine kingaliondoka chenyewe.

Watu wengi husema kwamba mwenye chunjua amemshika chura. Neno hili limetoka katika kumtazama chura: ngozi yake ina vinundu vingi, basi ikadhaniwa kwamba vinundu hivyo humwambukiza mtu. Lakini vinundu vya chura ni mifuko midogo ya sumu, ambayo kwayo hujikinga na wanyama watakao kumla. Havina uhusiano wo wote na chunjua za binadamu. Chura amesingiziwa bure.

Chunjua huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Virusi vya chunjua vikipangwa mstari mmoja, zaidi ya 18,000 hutakiwa ili kufika urefu wa milimita moja. Basi vilijulikanaje, navyo havionekani? Mwaka 1907 daktari mmoja wa Italia, jina lake Giuseppe Ciuffo, alizisaga chunjua katika maji, akayapitisha maji hayo katika chujio lenye matundu madogo kabisa, ambalo hata bakteria hawawezi kulipenya. Kisha akajichoma sindano ya maji yale katika mkono wake mwenyewe, akangoja. Baada ya miezi kadhaa chunjua zikaota mahali pale pale. Hapo ikajulikana kwamba kisababishi ni kitu kidogo kuliko bakteria. Mwaka 1949 wataalamu wa Marekani walitumia darubini ya elektroni, ndipo virusi hivyo vikaonekana kwa macho ya watu.

Virusi hivi huingia mwilini kwa njia ya mchubuko mdogo, hata ule ambao mwenyewe hakuuona. Mtu aliyelowa ngozi huambukizwa upesi kuliko mkavu. Ndiyo sababu chunjua za nyayo hupatikana sana mahali pa kuogea ambapo watu wengi hupita bila viatu, na wauza nyama na wauza samaki, ambao mikono yao hulowa na kukatwakatwa kila siku, huzipata kuliko watu wengine. Taulo moja la watu wengi huweza kuzieneza. Mwenye kutafuna kucha hujipandikizia mwenyewe kandokando ya vidole, na pengine hata midomoni. Tena chunjua haioti siku ile ile ya kuambukizwa. Hukaa kimya miezi miwili, mitatu, hata sita. Kwa hiyo ni vigumu kujua ilitoka kwa nani, na si haki kumnyoshea kidole mwenzako darasani.

Sasa kuna jambo la ajabu, na mtu asiyelijua hawezi kuzielewa dawa za chunjua. Mwili wa mtu una walinzi wake, ambao hukaa ndani ya damu wakipiga vita na vijidudu. Lakini virusi vya chunjua haviingii katika damu. Hukaa juu juu, katika tabaka za ngozi za nje, mfano wa mwizi aliyejificha kibarazani, naye mwenye nyumba amelala chumbani. Miezi hupita, pengine mwaka, walinzi hawana habari. Hatimaye hupata kuvigundua, na siku hiyo vita huwa vifupi: chunjua hunyauka, huanguka, na mara nyingi zote hutoweka pamoja, kubwa kwa ndogo. Katika watoto, kadiri ya nusu hupona hivyo katika muda wa mwaka mmoja, na wawili katika kila watatu hupona katika miaka miwili, pasipo dawa yo yote.

Kwa sababu hiyo kila dawa ya chunjua, hata iliyo ya upuuzi mtupu, imepata mashahidi wa kuisifu. Yuko mwana-elimu mashuhuri wa Uingereza, Francis Bacon, aliyekufa mwaka 1626. Ameandika ya kuwa alikuwa na chunjua moja kidoleni tangu utoto, na alipokuwa kijana katika mji wa Paris zikamwotea nyingine nyingi, kadiri ya mia. Mke wa balozi wa Uingereza akamwambia atamwondolea. Akachukua kipande cha mafuta ya nguruwe, akazisugua zote, kisha akakipigilia misumari dirishani palipopigwa na jua, ili mafuta yakiyeyuka chunjua nazo ziyeyuke. Baada ya majuma matano zote zilikuwa zimekwisha, hata ile ya utotoni. Bacon alikuwa mtu wa kupima mambo kwa akili, naye alistaajabu. Leo twajua kwamba mafuta hayakufanya neno; walinzi wa mwili wake ndio walioamka. Lakini ni nani angaliweza kumwambia hivyo yule mama, naye ameona kwa macho yake? Hata katika nchi zetu ni vivyo hivyo: mtu akifunga chunjua uzi au akiipaka chumvi, nayo ikaanguka baada ya miezi mitatu, sifa yote huenda kwa uzi na chumvi.

Uzi na chumvi havina madhara makubwa. Dawa nyingine za nyumbani sivyo.

Ya kwanza ni utomvu wa mnyaa, mti ule usio na majani ya kuonekana, wenye vijiti vya kijani vya mviringo, ambao watu hupenda kuupanda uwe ua wa nyumba. Kijiti kikivunjwa hutoka maziwa meupe, nayo ndiyo yapakwayo juu ya chunjua. Maziwa hayo huunguza ngozi ikafanya malengelenge. Ubaya wake mkubwa zaidi ni katika macho. Mtoto hujipaka kidoleni, akasahau, akalifikicha jicho kwa kidole kile kile. Mara jicho huwaka kama moto, huvimba, na kioo chake huingia ukungu hata asione. Jambo hilo likitokea, jicho lisifikichwe, wala lisitiwe maziwa ya ng'ombe, wala majani. Lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi yanayomiminika, kwa muda wa dakika 20 bila kukoma, kisha mtoto apelekwe hospitali siku ile ile. Walioharakishwa wengi wamepona, waliokawia wamejuta.

Ya pili ni mafuta ya maganda ya korosho, yajulikanayo sana na watu wa Mtwara na Lindi. Wenye kuzibangua korosho kwa mikono mitupu huona vidole vyao vikiungua na kuchunika. Basi watu hufikiri kwamba kitu kinachochuna ngozi kitaichuna na chunjua. Ni kweli huichuna, lakini hakichagui. Huichuna na ngozi njema iliyo pembeni, na kidonda hubaki kikubwa kuliko ile chunjua. Utomvu wa papai bichi ni mpole kuliko hayo mawili. Una kitu ambacho huimeng'enya nyama, na ndiyo maana wapishi hulainishia nyama ngumu kwa papai. Hata hivyo haujathibitishwa kuwa dawa ya chunjua, nao pia usifike machoni. Maji ya betri hayafai hata kutajwa: ni asidi kali itobayo nguo, sembuse kidole.

Wako na wale wakatao kwa wembe. Huona ndani ya chunjua vidoa vyeusi, wakaviita mizizi, wakataka kuing'oa. Vidoa hivyo si mizizi, ni vijishipa vidogo vya damu vilivyoganda. Kukata huvitapanya virusi katika ngozi inayozunguka, na chunjua moja huwa nne. Zaidi ya hayo, wembe uliopita katika damu ya mtu mmoja na kuingia kwa mwingine huweza kuchukua UKIMWI na ugonjwa wa ini, na kidonda kichafu huweza kuingiza pepopunda. Mtu ameingia kutoa kinundu, akatoka na maradhi ya kufa nayo.

Katika dawa za nyumbani iliyopimwa na kuonekana kweli inasaidia ni asidi ya salisiliki, ndugu wa ile dawa ya aspirini, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa. Kazi yake ni kulainisha ngozi ngumu ikatoka tabaka kwa tabaka. Kwanza sehemu yenye chunjua hulowekwa katika maji ya vuguvugu kwa dakika tano hata kumi. Halafu husuguliwa polepole kwa tupa ya kucha au kwa jiwe la kusugulia miguu, na kifaa hicho kisitumiwe na mtu mwingine, wala kwa ngozi njema. Ngozi iliyo pembeni hupakwa mafuta mazito ya kujipaka ili isiungue, kisha dawa hutiwa juu ya chunjua peke yake, ikaachwa ikauke. Hufanywa hivyo kila siku, kwa majuma 12 ikiwa lazima. Wengi hushindwa hapa: wakiona juma la pili limepita bila badiliko hutupa chupa, wakarudia mnyaa. Dawa hiyo isipakwe usoni wala sehemu za siri, na mwenye kisukari asiitumie pasipo kumwuliza mganga wa hospitali. Mtoto asijipake peke yake, mzazi awepo.

Hospitalini waganga huzigandisha chunjua kwa naitrojeni iliyogeuzwa kuwa majimaji, ambayo baridi yake ni sentigredi 196 chini ya sifuri. Huuma, na katika ngozi nyeusi mara nyingine huacha baka jeupe kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo watu walitafuta njia nyingine, na hapa pana hadithi nzuri ya jinsi dawa zinavyopimwa. Mwaka 2002 waganga wa Marekani walitangaza kwamba walizifunika chunjua kwa utepe mzito wa gundi, ule wa mafundi. Katika watoto na vijana 26 waliofungwa utepe, 22 walipona. Katika 25 waliogandishwa, 15. Habari ikaenea duniani, na utepe ukauzwa sana. Lakini mwaka 2006 Waholanzi walijaribu kwa watoto 103 wa shule. Wengine walifungwa utepe, wengine walifungwa pete isiyoigusa chunjua. Waliopona kwa utepe walikuwa 16 katika kila 100, na wale wengine 6 katika kila 100, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Basi utepe hauna hatari kubwa, ila asiutazamie sana mwenye kuutumia.

Si kila kinundu ni chunjua. Vipo vipele laini vya kung'aa, vyenye kishimo katikati, ambavyo vikiminywa hutoka kitu cheupe kama mkate uliolowa. Hivyo huletwa na virusi vingine, vya ukoo mmoja na ndui ya zamani, ingawa havina ukali wake. Vyenyewe pia huondoka bila dawa, mara nyingi katika mwaka mmoja au zaidi kidogo. Visiminywe, maana kile cheupe ndicho chenye kuambukiza. Navyo virusi vya chunjua vina ndugu wengi, zaidi ya aina 200. Baadhi yao huweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi kwa wanawake. Kwa hao iko chanjo, na Tanzania ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2018. Chunjua za vidoleni hazigeuki kuwa saratani hiyo. Ni ndugu tu wa jina.

Chunjua ikiota usoni au sehemu za siri, ikitoka damu, ikibadilika rangi, au zikizidi kuwa nyingi bila kukoma, mtoto aonyeshwe mganga, kwani pengine walinzi wa mwili wamedhoofika kwa ugonjwa mwingine unaohitaji kutafutwa. Wakati wa kungoja, chunjua ifunikwe kwa bendeji, mikono ioshwe na kukaushwa vizuri, kila mtu awe na taulo lake, na wenye kuoga pamoja shuleni wavae makubazi. Kushikana mikono mara moja katika salamu au mchezo si jambo la kuogopwa, maana ngozi nzima isiyochubuka ni ngome.

Kuipona kwake hutambulikana hivi. Tazama mistari midogo iliyochorwa juu ya ngozi ya kidole. Penye chunjua mistari hiyo hukatika, ikapita pembeni kama maji yapitavyo kando ya jiwe. Chunjua ikiisha kweli, mistari hurudi ikapita moja kwa moja. Kama bado imekatika, virusi vingalipo, na dawa iendelee.