Divai ya mananasi: kazi kubwa ni kungoja

Hapa Kivu kila mtu anajua kasiksi. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa kwa majani, wanatia unga wa mtama uliokaangwa, na kisha siku mbili ao tatu watu wanakunywa. Shida ni kwamba kasiksi haikai. Ikipita siku chache inachacha, basi mama aliyeitengeneza anaiuza mbio mbio, hata kwa bei anayotaka mnunuzi.

Divai ya matunda inakaa miezi. Inangojewa, na hewa haiingii. Tofauti kubwa ni hiyo.

Tuseme familia imekamua litre 20 za juisi ya mananasi yaliyoiva vizuri. Zinawekwa mu bidoni ya litre 25 iliyooshwa kwa maji ya moto, maana povu inahitaji nafasi. Litre moja ya juisi hiyo inaweza kuwa na gramu 120 hivi za sukari, na gramu 17 mu litre zinatoa karibu digrii 1 ya pombe. Kwa hiyo utapata digrii 7. Ukitaka 11, ongeza gramu 68 kwa kila litre, ni kusema karibu kilo 1,4 kwa bidoni nzima. Levire ya mkate inafaa, lakini usiitie mu juisi ya moto, itakufa.

Kwenye kifuniko toboa tundu, pitisha mpira mwembamba, ziba pembeni, na ncha ya pili iingie mu chupa ya maji. Gesi inatoka ikibubujika, hewa hairudi. Hewa ikiingia, utapata siki.

Kisha wiki mbili hivi, hamisha divai mu bidoni safi, uache machicha chini. Ngoja tena miezi miwili ao mitatu.

Hapo ndipo familia nyingi zinashindwa. Mananasi, sukari na chupa vimekwisha kula pesa, na shule inadai minerval leo. Baba anajaza chupa mbele ya wakati, sukari iliyobaki inaendelea kuchemka ndani, na usiku chupa zinapasuka. Vioo vinaweza kumtoboa mtoto macho. Mbele ya kujaza zote, jaza chupa moja ya plastiki, uifunge, uiweke mahali pa joto siku tatu. Ikiwa ngumu, bado.

Mimi naona ni heri kutotia mavuno yote mu divai. Uza mananasi mengine mabichi, yalipe minerval, na uanze bidoni moja kila mwezi. Mananasi yakikosa, kuna marakuja na ndizi. Kuanzia mwezi wa nne, kila mwezi bidoni moja inakuwa tayari.

Ukifikiria kuuza mu maduka ya mjini, ulizia kwanza kwa OCC, inayopima ubora wa bidhaa, na kwa DGDA, inayotoza kodi ya pombe. Fanya hivyo mbele ya kununua etiketi.