Mwongozo Umo Ndani ya Kompyuta

Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Aliyezoea kuuliza kila kitu mtandaoni alibaki hana pa kuuliza. Lakini mwenye kompyuta ya Linux alikuwa na majibu mengi mkononi, kwa kuwa programu nyingi husakinishwa pamoja na mwongozo wake. Nami nasema hata siku ambazo mtandao una kasi na bando limejaa, mwongozo huo ndio wa kufungua kwanza.

Sababu kubwa ni toleo. Maelezo ya mtandaoni mara nyingi yanahusu toleo jingine la programu, na msomaji hajui mpaka amri imkatalie. Mwongozo uliokuja na programu unaeleza toleo ulilo nalo. Mtindo huu ulianza zamani: mwaka 1971 Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa mwongozo wa kwanza wa Unix katika maabara za Bell, Marekani, na amri ya man, inayofungua miongozo hii, ingali inafuata mpango ule wa sura zenye namba. Namba hizo si pambo. Chukua crontab, inayopanga kazi zijiendeshe kwa ratiba. Ukiandika 30 4 1,15 * 5, utadhani kazi itafanyika saa kumi na nusu alfajiri endapo tarehe 1 au 15 itaangukia Ijumaa. Sivyo. Mwongozo unasema wazi kwamba tarehe na siku ya wiki zikiwekwa zote mbili, moja ikitimia inatosha. Kwa hiyo kazi itafanyika tarehe hizo na kila Ijumaa pia. Ila ukiandika man crontab utaletewa sura ya kwanza, inayoeleza amri yenyewe. Kanuni za ratiba zimo sura ya tano, nazo hufunguliwa kwa man 5 crontab. Asiyejua hilo hudhani mwongozo hauna kitu.

Wapo wanaouliza: nitafunguaje mwongozo wa amri nisiyoijua jina? Andika apropos na neno linalohusu kazi yako, utapewa orodha. Kwenye Debian na Ubuntu, pitia pia folda ya /usr/share/doc. Faili la README.Debian, likiwepo, hueleza yale ambayo Debian wameyabadilisha, na mafaili yaliyobanwa kwa gz husomeka kwa zless. Amri ya dpkg -L itakutajia mafaili yote ya programu husika. Fedora wana rpm -qd, inayotaja ya maelezo tu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba miongozo hii ni ya Kiingereza kikavu, na haimfundishi anayeanza. Ni kweli, na inaumiza. Anayeanza anahitaji mwalimu au kitabu. Mwongozo ni wa kuhakikisha, na hata yule mwalimu anapaswa kuufungua kabla ya kufundisha. Tena si kila kompyuta inao: seva zilizopunguzwa ukubwa huondolewa miongozo, ingawa Ubuntu ina amri ya unminimize ya kuirudisha, na programu kubwa kama PostgreSQL huweka maelezo yake kwenye kifurushi cha pembeni, postgresql-doc. Hicho kisakinishe mapema, bando likiwa bado lipo.