Gundi Inayoshika Penye Mate

Je, wajua kwamba tezi za mate za mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kila siku? Mate hayo hulainisha chakula, huosha meno na kupunguza vijidudu. Kwa mwenye kidonda mdomoni, hata hivyo, mate hayohayo ni kikwazo. Akipaka dawa ya kawaida, ulimi unaipangusa, mate yanaichukua, na baada ya dakika chache ameshaimeza. Dawa ya kinywani inatakiwa kwanza ijue kung'ang'ania, ndipo iweze kutibu. Hapo ndipo zilipotokea jeli na malhamu zinazonata.

Kidonda tunachokizungumzia ni kile kidogo cha mviringo kinachochomoza upande wa ndani wa mdomo, shavuni au chini ya ulimi. Katikati huwa cheupe au cha manjano, na pembeni kimezungukwa na duara jekundu. Ukikigusisha ndimu au pilipili, machozi yanakutoka. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 5 husumbuliwa navyo, na haviambukizi. Kwa kawaida upana wake haufiki milimita 10, nacho hupona chenyewe ndani ya siku 7 hadi 14 bila kuacha kovu. Vipo vikubwa zaidi vinavyokaa wiki kadhaa na kuacha kovu, lakini hivyo ni vichache.

Inaaminika kuwa chanzo chake hasa ni kinga ya mwili kuushambulia utando laini wa kinywa. Kinachoichokoza kinga hiyo hutofautiana kwa kila mtu: kujing'ata, mswaki mgumu, msongo wa mawazo, au upungufu wa madini ya chuma, folati au vitamini B12. Utando ukishatoboka, ncha za neva hubaki wazi, na kila tone la chai ya moto linazifikia. Kwa hiyo hata kuzifunika tu ni nusu ya tiba.

Lakini unafunikaje kitu ndani ya maji? Gundi ya fundi seremala hutaka pakavu, na penye unyevu huteleza. Jeli ya kinywani imeundwa kinyume chake, yaani hunywa maji ya mahali ilipowekwa ili ishike. Ndani yake mna molekuli ndefu sana ambazo zikiwa kavu hujikunja. Zikigusa unyevu huvimba, hujikunjua na kupenya kwenye ute unaofunika utando wa kinywa. Ute huo nao una protini ndefu iitwayo musini. Minyororo ya pande zote mbili husokotana, na kati yake hujengeka vifungo vidogo vya kikemia. Kifungo kimoja hakina nguvu, ila vikiwa maelfu vinashika. Aliyewahi kukata bamia kisha akatia maji anaujua mwenendo huo: ute unavutika, unajishikiza kidoleni na hautoki kwa mara moja.

Bamia hiyohiyo inaonyesha na udhaifu wake. Ukizidisha maji, ute unakuwa mwepesi na kuchuruzika. Jeli nayo ikinywa maji kupita kiasi hulegea na kuondoka. Isitoshe, ute wa kinywa na seli za juu za utando hubadilishwa na mwili kila wakati, hivyo hata gundi bora hung'oka pamoja na kile ilichokishika. Kwa sababu hiyo dawa hizi hurudiwa mara kadhaa kwa siku.

Iliyojipatia jina kubwa katika kutatua tatizo la maji ni Orabase, bidhaa ya kampuni ya Squibb ya Marekani. Ilichanganya unga wa vitu vitatu: pektini, ambayo hupatikana kwenye maganda ya machungwa na ndimu, jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na kaboksimethiliselulosi, inayotengenezwa kutokana na selulosi ya miti au pamba. Unga huo ulitiwa ndani ya mafuta mazito ya madini yaliyochanganywa na polithini. Unga unavuta unyevu na kunata, nayo mafuta yanazuia mate yasiusombe upesi. Ilipoongezwa steroidi iitwayo triamsinoloni kwa kiwango cha asilimia 0.1, ikapatikana Kenalog in Orabase, malhamu ambayo madaktari wa meno wa nchi nyingi waliitumia kwa miongo.

Gundi hiyo haikuishia kinywani. Wapo wagonjwa ambao utumbo wao umetolewa nje ya tumbo kwa upasuaji ili choo kiingie kwenye mfuko. Ngozi inayozunguka tundu hilo huwa na unyevu na huchubuliwa na majimaji ya utumbo. Pektini, jelatini na kaboksimethiliselulosi zilichanganywa na mpira na kutengenezwa bamba la kuilinda ngozi hiyo, lililoitwa Stomahesive. Kutoka hapo zikaja bandeji za vidonda vya miguu na vya kulalia ambazo hunywa majimaji ya kidonda na kugeuka jeli. Hospitali hadi leo zinazitumia.

Kwa kuwa jelatini huweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe, Mwislamu ana kila sababu ya kumwuliza mfamasia kilichomo kwenye tyubu. Zipo jeli zisizo na jelatini kabisa, zinazonata kwa kabomeri, asidi ya hayaluroniki au selulosi peke yake.

Jeli nyingine hufunika tu. Nyingine hubeba dawa ya ganzi, kama lidokeini au benzokeini. Nyingine zina kolini salisilati, ndugu wa aspirini, na za daktari hubeba steroidi ya kutuliza kinga iliyochachamaa. Tofauti hizi si za jina tu. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri kwamba jeli za salisilati zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 16, kwa hofu ya ugonjwa adimu wa Reye unaodhuru ini na ubongo. Mwaka 2018 mamlaka ya Marekani ilionya kwamba benzokeini isipakwe kwenye ufizi wa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa yaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo. Mama anayetafuta dawa ya mtoto anayeota meno asichukue tyubu ya mtu mzima.

Steroidi nayo ina mipaka. Malengelenge yanayotoka kwenye midomo mtu akiwa na homa husababishwa na virusi vya hepesi, na utando mweupe kwenye ulimi huweza kuwa fangasi. Kuvipaka steroidi ni kuvifungulia mlango. Vilevile dawa ya zambarau ambayo wengi huiita GV si mbadala wa jeli hizi. Ile hupambana na vijidudu na fangasi, na miongozo ya afya imeielekeza, ikiwa imechanganywa hadi asilimia 0.25, kwa vidonda vya kinywa vya mtoto mwenye surua.

Kupaka nako kuna ufundi wake. Nawa mikono. Kikaushe kidonda taratibu kwa pamba au kitambaa safi. Chukua kiasi kidogo cha malhamu, kama nusu sentimita, ukiguse kidonda nacho na ukibonyeze kidogo mpaka malhamu itande juu yake. Usisugue, maana malhamu ya aina ya Orabase ikisuguliwa huvunjika na kuwa kama chembe za mchanga. Wakati mzuri ni baada ya kula na kabla ya kulala, kwa sababu usingizini mate hupungua na ulimi hutulia. Kisha usile wala kunywa kwa nusu saa.

Jeli hutuliza kidonda kilichopo, lakini haizuii kingine kisitokee. Wanaopata vidonda mfululizo, au vinavyoambatana na homa, kupungua uzito au vidonda vya sehemu za siri, wanahitaji kupimwa damu, pamoja na VVU, kabla ya kununua tyubu nyingine. Na kidonda chochote cha mdomoni kilichopita wiki 3 bila kupona, hata kama hakiumi, kionwe na daktari, kwa sababu saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu.