Kabla ya makunyanzi kulikuwa na makengeza

Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki wa bendi walipiga ala mazikoni, kisha wakala paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Baadaye wakaanza kuona vitu viwiliviwili, na kumeza kukawashinda. Watatu walikufa. Profesa Émile van Ermengem wa Ghent aliichunguza nyama hiyo na kumgundua bakteria anayetoa sumu ambayo leo inauzwa kwa jina la Botox.

Ili msuli ukaze, mshipa wa fahamu huupelekea kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii huizuia isitoke, na msuli usiopata amri hulegea. Ikienea mwilini, hata misuli ya kupumulia hugoma. Ikichomwa kiasi kidogo mno mahali pamoja, hulegea msuli uliokusudiwa tu.

Daktari wa macho Alan Scott, wa San Francisco, alikuwa akitafuta tiba ya makengeza isiyohitaji kisu. Aliijaribu sumu hii kwanza kwa kima, kisha kwa watu, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha itumike kutibu makengeza na kope zinazojifumba zenyewe.

Urembo ulikuja kwa bahati. Mwaka 1987, huko Vancouver, mgonjwa wa kope alimlalamikia Dkt. Jean Carruthers kwamba safari hii hakumchoma katikati ya nyusi, na akichomwa hapo uso hutulia. Mume wa daktari, Alastair, alikuwa bingwa wa ngozi, na wakaamua kuijaribu sumu hiyo kwenye makunyanzi. Waliyemjaribia kwanza ni mhudumu wao wa mapokezi!

Tangu hapo sifa zote zimekwenda kwa vipaji vya nyuso, na naona si haki. Mtazame aliyepigwa kiharusi, ngumi imejikunja hadi kucha zinachubua kiganja. Sindano kwenye misuli ya mkono hulegeza vidole, akaweza kuoshwa na kukatwa kucha bila maumivu. Hutumika pia kwa watoto wenye mtindio wa ubongo wanaotembelea ncha za vidole, kwa kipandauso sugu, hata kwa jasho la kwapa lisilokauka. Nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu hivi, sindano ikarudiwa.

Anayetaka kunyoosha uso, hiari yake. Ila usikubali kuchomwa saluni wala sebuleni kwa mtu. Muulize daktari leseni yake, na chupa ifunguliwe mbele yako. Ukiona kumeza, kusema au kupumua kunakuwa kugumu baada ya sindano, hata siku kadhaa baadaye, kimbilia hospitali.