Rangi ya gari la zamani pwani: gharama kubwa iko chini ya rangi

Ukipita barabara ya Bagamoyo, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Kiromo, bado utaziona: Land Rover ndefu zenye mizigo, Peugeot 504, na Volkswagen Beetle iliyoegeshwa chini ya mwembe. Baadhi zinaendelea kutafuta riziki. Nyingine ziliachwa na mzee, na sasa watoto wanataka kuzifufua ili zikodishwe kwenye harusi au zizungushe wageni Mji Mkongwe. Swali tunaloulizwa ni lilelile: kupaka rangi gari kama hilo ni shilingi ngapi?

Jibu fupi ni kwamba hakuna fundi anayeweza kukutajia bei ya kweli kwa kulitazama gari kwa nje. Rangi unayoiona ni hatua ya mwisho. Fedha nyingi huishia kwenye bati lililooza na kwenye siku ambazo fundi anakwangua, anachomelea na kunyoosha. Ukilipia mng'ao ukaacha kutu ndani, utalipa mara mbili.

Kwa nini pwani kuna kazi zaidi

Kutu inahitaji chuma, maji na hewa. Chumvi huiharakisha. Upepo wa bahari unabeba chembe za chumvi na kuziweka kwenye kila kona ya gari. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani, kama unavyoona kibakuli cha chumvi jikoni kinavyolowa wakati wa masika. Kwa hiyo gari la Bagamoyo au Saadani linaweza kuwa na unyevu chini ya zulia hata kama mvua haijanyesha wiki nzima.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Thina haiyeyushi chumvi. Msasa nao huisambaza tu na kuisukuma kwenye mikwaruzo. Kinachoiondoa ni maji baridi yasiyo ya chumvi, mengi, pamoja na sabuni, kisha gari likaushwe vizuri. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai. Chumvi ikibaki chini ya rangi mpya itavuta unyevu, rangi itatoa malengelenge, na kutu itatokea kati yake. Fundi anayeanza na msasa kabla ya kuosha ameanzia katikati ya kazi.

Kila gari na bati lake

Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa adimu, hivyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haipati kutu nyekundu. Lakini chasisi, pamoja na ukuta ulio kati ya injini na dereva, ni chuma. Pale aluminiamu inapogusana na chuma na maji ya chumvi yakaingia, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe. Ukiona rangi imevimba karibu na ribiti au boliti za Land Rover, hiyo ndiyo sababu.

Hii ina maana mbili kwenye mfuko wako. Kwanza, aluminiamu haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea mageti; inataka fundi na mashine yake. Pili, inahitaji rangi ya chini maalumu ya kushika aluminiamu. Ukipaka ya kawaida, rangi itabanduka kama ganda.

Peugeot na Volkswagen ni bati la chuma. Kwenye Beetle anza kutazama chini ya kiti cha nyuma, mahali betri inapokaa, kisha sakafu na kingo zilizo chini ya milango. Kwenye Peugeot tazama chini ya milango, ndani ya madigadi na pembezoni mwa vioo.

Hatua zinazokula fedha

1. Kufungua. Bampa, taa, vioo, mipira ya milango na viti vitoke. Kuziba kwa gazeti na gundi ni rahisi zaidi, lakini kutu hupenda kujificha chini ya mpira.

2. Kukata na kuchomelea. Bati lililooza hukatwa hadi lipatikane bati zima, kisha kiraka huchomelewa. Puti haizibi tundu. Tundu lililojazwa puti litaonekana zuri hadi mvua za kwanza.

3. Kunyoosha. Fundi bodi mzuri hutumia nyundo muda mrefu ili puti iwe kidogo. Tabaka lisizidi milimita chache. Likiwa nene hupasuka kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi.

4. Msasa na rangi ya chini. Huanzia msasa mkali, namba 80, hadi laini wa namba 400 na kuendelea. Hatua hii ni ya mkono, na ndiyo inayofupishwa kwanza fundi akibanwa bei.

5. Rangi na klia, yaani tabaka la mwisho linalong'aa. Gari dogo huchukua takriban lita 3 hadi 4 za rangi kabla ya kuongezwa thina. Land Rover ndefu huchukua zaidi.

Majira nayo yana gharama. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, unyevu unaweza kuiacha rangi na ukungu mweupe, na kazi ikarudiwa. Juni hadi Septemba ni afadhali, ila upepo wa kusi huleta vumbi, hivyo sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kupuliza.

Hesabu ya mfano

Namba hizi ni za kujifunzia tu, si bei ya soko. Tuseme fundi wa kwanza anakwambia, "Nipe 1,800,000 kwa kila kitu," bila kufungua hata zulia. Wa pili anataka kwanza alifungue gari, kisha anakupa bei tatu: bati 900,000, maandalizi 600,000, rangi 700,000. Jumla ni 2,200,000.

Wa kwanza anaonekana nafuu kwa 400,000. Lakini rangi yake ikivimba baada ya masika mawili na ukalazimika kurudia kazi yote, umetoa 3,600,000, na bado tundu la sakafu linakusubiri.

Bei tatu zina faida nyingine. Kama fedha haitoshi, unaweza kulipia bati mwaka huu, gari likapakwa rangi ya chini na kukaa kwenye kivuli kikavu, kisha rangi ya juu ikasubiri mavuno. Usiliache na rangi ya chini peke yake likinyeshewa, kwani aina nyingi za rangi hiyo hupitisha maji.

Kabla ya kukabidhi funguo

Tembea na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Kwenye gari la chuma, mahali isiposhika kuna puti nene. Kwenye Land Rover haitashika aluminiamu kabisa, hivyo gonga kwa kidole na usikilize mlio. Chasisi igongwe kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na magamba. Chasisi iliyooza inahatarisha roho za watu, hivyo itengenezwe kwanza. Ikishindikana, usinunue hata lita moja ya rangi.

Andikianeni, hata kwenye ujumbe wa simu: sehemu zitakazokatwa, aina ya rangi, nani ananunua vifaa, na malipo yatoke hatua kwa hatua. Omba picha za bati likiwa wazi kabla halijafunikwa. Hapo ndipo utajua umelipia nini.

Ukitaka kubadili rangi, kumbuka kadi ya gari inaonyesha rangi ya gari lako. Gari la kijani lenye kadi ya gari jeupe litakuletea maswali barabarani, hivyo mabadiliko yaandikishwe TRA.

Na kama kazi inafanyika uani nyumbani, watoto wakae mbali. Hadina ya rangi za kuchanganya ina kemikali inayoweza kusababisha pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Fundi wako anahitaji barakoa yenye vichujio. Iweke kwenye bajeti pamoja na msasa.

Gari likishatoka gereji, lioshe kwa maji baridi mara kwa mara, hasa chini, na kila baada ya kulipeleka ufukweni. Hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya milango hayajazibwa na mchanga. Kazi hiyo ni ya ndoo chache za maji, na ndiyo itakayoilinda fedha uliyoitoa.