Fahamu: Virusi vya viazi vikuu hutambuliwaje?

Mkulima wa Meru au Embu akiona majani ya kiazi kikuu yana mabaka ya manjano na yamejikunja, atashuku ugonjwa. Lakini ni kirusi gani? Macho hayatoshi. Virusi tofauti hutoa dalili zinazofanana, na mmea mmoja waweza kubeba viwili kwa pamoja, au usionyeshe dalili yoyote.

Makundi mawili hutajwa sana. Potivirusi, kikiwemo kirusi cha batobato ya viazi vikuu, huenezwa na vidukari, na jeni zake ni za RNA. Badnavirusi huenezwa na vidung'ata; zake ni za DNA. Maabara hutumia PCR, kipimo kinachonakili DNA mara nyingi hadi ionekane, ila RNA sharti inakiliwe kwanza kuwa DNA. Kisha mfuatano wa jeni husomwa na kulinganishwa na wa sampuli za kwingineko, ndipo aina hutenganishwa.

Hapo pana mtego. Baadhi ya viazi vikuu, hasa kile cheupe cha Afrika Magharibi, vina vipande vya badnavirusi ndani ya jeni zao wenyewe. PCR ya kawaida hunasa kipande hicho na kutangaza ugonjwa usiokuwepo. Kwa badnavirusi, basi, jibu la PCR peke yake lisiaminiwe.

Kirusi kikishaingia, hakuna dawa ya kunyunyizia itakayokitoa, na mbegu ni vipande vya kiazi chenyewe, hivyo hukibeba. Usimgawie jirani mbegu kutoka mmea wenye mabaka. Mwite kwanza afisa wa kilimo auone.